Kamera Ifuate Mechi

Mkimbiaji hahitaji video. Njia ya wanariadha wetu kwenda vyuo vikuu vya Marekani ilifunguliwa na saa ya kocha na neno la aliyetangulia. Mkenya Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui, aliyesoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, aliipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Miaka mingi baadaye Edward Cheserek, aliyeondoka Kenya akiwa bado kijana wa sekondari, alimaliza masomo Oregon akiwa na mataji 17 ya vyuo. Kwa watu wa namna hiyo, karatasi moja yenye muda waliokimbia na jina la mashindano inatosha. Ukiacha tofauti ya hewa ya nyanda za juu, dakika 14 za Eldoret ndizo dakika 14 za Eugene, Oregon.

Beki wa kati hana karatasi kama hiyo. Mpangaji wa mipira kwenye wavu hana, wala anayeongoza mashambulizi kwenye kikapu. Hakuna saa inayopima jicho la kiungo aliyeiona njia ya pasi kabla mpira haujamfikia. Ukisema amefunga mabao 20, utaulizwa kawafunga akina nani. Kwa hiyo kocha aliye mbali ana mambo mawili tu ya kuchagua: asafiri akaone mwenyewe, au aletewe picha. Kusafiri ni ghali, na hata mwenye fedha hawezi kuwa viwanja kumi Jumamosi moja. Ndiyo maana video imekuwa mlango wa kwanza, na ndiyo maana mzazi mwenye mtoto anayejua mpira, awe Mbagala, Kisumu, Goma au Columbus, Ohio, siku hizi huambiwa jambo lile lile: tuma video.

Nani airekodi, arekodi nini, nani alipe, na ikishakuwapo iwe mali ya nani? Maswali haya huachiwa familia, kila moja na simu yake, kila moja na hofu yake. Mimi naamini hapo ndipo tunapokosea. Video inayomsaidia kijana ni ile iliyorekodi mechi nzima, na kazi ya kuirekodi ni ya timu, shule na waandaaji wa mashindano. Tukimwachia kila mzazi amfuate mwanawe kwa kamera, tutapata picha nyingi za mbwembwe na kidogo sana cha kumsaidia kocha anayetafuta mchezaji.

Tuanzie Marekani, ambako jambo hili limeshakuwa biashara kamili. Shule za sekondari za huko huhesabu zaidi ya nafasi milioni 8 za ushiriki michezoni kwa mwaka. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vikubwa, chenyewe husema kwamba takriban wanamichezo 7 wa sekondari katika kila 100 ndio wanaofika kuchezea chuo, na takriban 2 tu ndio wanaofika Daraja la Kwanza. Daraja la Tatu, lenye vyuo vingi kuliko mengine, halitoi kabisa ufadhili kwa sababu ya michezo. Mlango huo unazidi kubana. Tangu 2018 wachezaji walio tayari vyuoni wamekuwa wakihama chuo kwa urahisi zaidi kupitia orodha ya uhamisho, na tangu msimu wa 2025/26 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House kuhusu malipo ya wachezaji wa vyuo vina ukomo wa idadi ya wachezaji kikosini. Kijana wa miaka 17 anashindanishwa na mtu wa miaka 21 ambaye mechi zake za chuo zimesharekodiwa zote, kwa kamera nzuri, dhidi ya wapinzani wanaojulikana.

Familia zinazozungumza Kiswahili zimo katikati ya kinyang'anyiro hiki. Wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wameongoza orodha ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka kadhaa hadi 2024, na watoto wao wamejaa kwenye viwanja vya soka vya shule za Ohio, Kentucky na Iowa. Mwaka 2015 shule ya sekondari ya Lewiston, Maine, ilitwaa ubingwa wa soka wa jimbo ikiwa na kikosi kilichojaa vijana wa familia za wakimbizi wa Kisomali. Wazazi wa vijana kama hao hufanya kazi za zamu, mara nyingi usiku na mwisho wa wiki, siku zile zile za mechi. Hawapo jukwaani kushika kamera. Mtoto wa daktari wa mtaa wa pili ana baba mwenye stendi, kamera na kompyuta ya kukatia klipu. Wote wawili wamecheza mechi moja. Mmoja ana ushahidi, mwingine ana kumbukumbu.

Na kuna kanuni ambayo wazazi wengi hawaelezwi. Katika michezo mingi ya Daraja la Kwanza, kocha haruhusiwi kuwasiliana na mwanafunzi kuhusu usajili kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Video anaweza kuitazama, kujibu hawezi. Matangazo ya kambi za mafunzo, hata hivyo, yanaruhusiwa kutumwa mapema. Basi mtoto wa miaka 14 anatuma video, anapata ukimya, kisha anapata barua nzuri yenye nembo ya chuo ikimwalika kwenye kambi ya kulipia. Mzazi anadhani mwanawe ameonekana. Kumbe barua ile imetumwa kwa watoto wengi, na ada za kambi ni sehemu ya mapato.

Wamarekani wenyewe walilipata jibu la suala hili kwenye mchezo mmoja, na sidhani kama walilitafuta. Mchezo huo ni futiboli yao. Kwa miongo mingi makocha wa futiboli wa sekondari walirekodi kila mechi ili kujifunza, na desturi yao ilikuwa kubadilishana filamu na mpinzani wa wiki inayofuata. Enzi za kaseti, kocha aliendesha gari Jumamosi asubuhi hadi katikati ya safari, akakutana na mwenzake kwenye maegesho ya mgahawa, wakapeana mikanda, kila mmoja akarudi kwao. Mwaka 2006, mjini Lincoln, Nebraska, ilianzishwa Hudl, kampuni iliyoanza kwa kuhudumia timu ya chuo kikuu cha hapo na kuihamishia kazi hiyo kwenye intaneti. Sasa angalia matokeo yake. Mechi ilirekodiwa kutoka juu, wachezaji wote 22 wakiwa ndani ya picha, kwa ajili ya timu. Kijana aliyetaka video ya kutuma chuoni aliingia kwenye hazina ya timu, akachagua vipande vyake, akavituma. Hata mtoto ambaye mzazi wake hakuwahi kukanyaga uwanjani alikuwa na picha sawa na za nahodha.

Soka, kikapu na wavu havikukua na desturi hiyo kwa kiwango kile, na pengo hilo ndilo lililojazwa na wauzaji. Kuna wanaorekodi mashindano na kumuuzia kila mzazi vipande vya mwanawe. Kuna kampuni zinazouza vifurushi vya kumtangaza kijana, kwa bei zinazoanzia mamia ya dola hadi maelfu. Sisemi kwamba wote ni matapeli. Wapo wanaofanya kazi safi ya kuhariri, na mwenye fedha anaweza kuinunua kazi hiyo kama anavyonunua nyingine. Ila wanachouza ni kile ambacho kocha anakihitaji kidogo kuliko vyote, yaani urembo.

Chukua klipu ya aina inayozunguka sana kwenye WhatsApp zetu. Winga wa kulia anapokea mpira karibu na mstari. Anampiga beki tobo, anamzunguka wa pili, anapiga krosi. Mwenye simu amesimama usawa wa uwanja, nyuma ya kamba, na simu ameishika wima. Mpira unapoelekea golini picha inatetemeka kwa sababu naye anaruka. Tunasikia "Ameua! Ameua!", tunaona mawingu, tunaona miguu ya watu, kisha klipu inakatika. Kwa shabiki imetosha. Kocha ana maswali. Kabla mpira haujafika, kijana aligeuza shingo kuangalia nani yuko nyuma yake? Yule beki wa pili alidanganywa kweli, au alikuwa ameshachelewa? Nani alikuwa ndani ya boksi? Palikuwa na kiungo peke yake ukingoni mwa boksi ambaye pasi ya chini ingemfaa kuliko krosi? Na krosi ilipookolewa, winga alirudi mbio kukaba, au alibaki kule kule mikono kiunoni? Majibu yote yako nje ya picha.

Sasa weka kamera juu, usawa wa katikati ya uwanja, mita tatu au nne kutoka ardhini, ikiwa imelala mlalo, ikichukua theluthi nzima ya uwanja badala ya mtu mmoja. Tobo linaonekana dogo, karibu halina uzito. Lakini tunamwona kijana akigeuza shingo mara mbili kabla ya kupokea. Tunaona kwamba beki wa pili alivutwa na mkimbio wa mwenzake ambaye hakuguswa na mpira hata kidogo. Tunaona krosi ikiokolewa, na winga yule akikimbia mita 40 kurudi kuziba njia. Kocha mwenye uzoefu anasimamisha video hapo, anarudisha nyuma, anatazama tena ule mkimbio wa kurudi. Na pengine anaandika jina la yule mwenzake ambaye hakugusa mpira.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nishikilie hoja yangu. Picha ya mechi humtaja hata ambaye hakuna aliyemkusudia. Video ya mtoto mmoja, hata ikiwa nzuri, inawafuta wengine 21.

Zipo taratibu zilizozoeleka ambazo anayetengeneza video ya kutuma anapaswa kuzijua, na hazihitaji fedha nyingi. Video iwe ya dakika 3 hadi 5. Mwanzoni yakae maelezo mafupi: jina, mwaka wa kumaliza shule, nafasi anayocheza, namba ya jezi, urefu, na namna ya kumpata kocha wake. Vipande bora vitangulie, maana anayetazama huenda asifike dakika ya pili. Kabla ya kila tukio, picha isimamishwe kidogo na mchezaji awekewe duara au mshale, kwa kuwa hakuna kocha atakayepoteza muda kutafuta jezi namba 8 kwenye vumbi. Kipande kianze sekunde chache kabla mpira haujamfikia na kiishe tukio likiwa limekwisha. Muziki wa kelele uachwe. Na barua iseme wazi kwamba mechi nzima ipo, kwa sababu kocha akivutiwa na vipande, swali lake linalofuata litakuwa hilo: nitumie mechi nzima, tena ile mliyofungwa.

Kila mchezo una mahali pake pa kusimama. Wavu hutazamwa vizuri kutoka nyuma ya mstari wa mwisho, juu, ili mpangilio wa pande zote mbili uonekane. Picha ya pembeni huficha nani alikuwa tayari kuzuia. Kikapu hurekodiwa kutoka juu katikati, na kamera isikimbilie kikapuni, kwa kuwa kinga inajengwa nyuma. Golikipa arekodiwe pia kutoka nyuma ya goli, ili miguu yake ionekane. Netiboli haina soko kwenye NCAA kabisa, soko lake liko Uingereza na Australia, ambako Peace Proscovia wa Uganda alicheza kwenye ligi zote mbili. Binti wa Tanga au Gulu anayecheza netiboli asitume video Marekani kwa kufuata mkumbo.

Tena sauti. Kamera ya mzazi hunasa maneno ya mzazi. Kocha anayetazama video ya kijana anasikia pia baba akimtukana mwamuzi, au mama akimwambia mtoto apige mwenyewe asimpe pasi fulani. Makocha husajili kijana pamoja na nyumba yake, na wengi hulizingatia hilo.

Kuna athari nyingine ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Mtoto anayejua kwamba kamera ya baba inamfuata yeye, na kwamba kinachohesabiwa ni vipande vya kukata, huanza kucheza kwa ajili ya vipande. Anapiga shuti la mita 30 wakati pasi iko wazi. Anaongeza chenga ya tatu. Kukaba hakuna utamu kwenye klipu, kwa hiyo anaacha kukaba. Makocha wa mchangani wanaliona hili kila jioni, na wanasema kweli wanaposema kijana fulani anacheza na kamera. Kamera iliyofungwa juu na kurekodi watu wote, mechi baada ya mechi, husahaulika baada ya dakika kumi, na watoto wanarudi kucheza.

Kwetu Afrika Mashariki historia ya kuonekana ni ya macho ya ana kwa ana. TP Mazembe wa Lubumbashi walimchukua mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta baada ya kukutana naye akiwa na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2011. Kutoka Lubumbashi akafika Genk Januari 2016, kisha Aston Villa Januari 2020. Hashim Thabeet, aliyeanza kikapu akiwa mwanafunzi Makongo jijini Dar es Salaam, alikuwa na urefu wa mita 2.21, jambo ambalo mtu yeyote aliliona akiwa mlangoni. Alipitia sekondari Marekani, akaichezea Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika usajili wa NBA. Kila anayesikia habari zao anapaswa kujiuliza kuhusu vijana wa rika lao waliokuwa na kipaji cha kutosha lakini hawakukutana na Mazembe wala hawakuwa na mita 2.21.

Kwa watu wazima mambo yamebadilika. Tangu Azam TV ianze kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2013/14, mchezaji wa Mbeya au Bukoba ana rekodi ya kazi yake, na klabu ya nje inayomtaka inaweza kumtazama mechi nyingi kabla haijapiga simu. Vijana hawana. Fikiria UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania: wanafunzi wa mikoa yote wanakusanyika, soka, kikapu, wavu, netiboli, mpira wa mikono, kuanzia asubuhi hadi jua linazama, siku mfululizo. Kwa mwenye kazi ya kutafuta vipaji hakuna hazina kubwa kuliko hiyo nchini. Yakiisha, kinachobaki ni kombe, orodha ya matokeo na vipande vya simu vilivyotawanyika kwenye makundi ya WhatsApp, bila tarehe, bila majina. Kenya ina michezo ya shule yenye ushindani mkali, na bingwa wa kila nchi huenda FEASSSA, mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambako Kwanthanze ya Machakos imejijengea jina kwenye wavu wa wasichana. Huko nako, sehemu kubwa ya kinachochezwa hupotea kipenga cha mwisho kinapolia.

Kurekodi kumekuwa rahisi kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Veo, ya Copenhagen, huuza kamera inayokaa juu ya mlingoti na kufuata mpira yenyewe, bila mpiga picha. Ni ghali kwa shule ya kata, ina ada ya kulipia kila mara, na teknolojia ya namna hii ina makosa yake: Oktoba 2020 kamera ya aina hiyo kwenye uwanja wa Inverness, Uskoti, ilikuwa ikiuacha mpira na kufuata kichwa cha mwamuzi wa pembeni kisicho na nywele. Hatuhitaji kuanzia huko. Simu janja ya kawaida, stendi ndefu au kiunzi cha mabomba kilichochomelewa na fundi wa mtaani, betri ya akiba, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa asikimbize mpira. Mechi ya dakika 90 kwa ubora wa kawaida huchukua kati ya GB 5 na 12 hivi. Kuipandisha kwa bando la simu ni kutupa fedha, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu iende kwenye kompyuta ya shule, ipunguzwe ukubwa usiku, na kinachopandishwa kiwe kile kilichoombwa.

Kinachohitajika zaidi ya picha ni maelezo yanayoambatana nayo. Anayetazama kutoka Ulaya au Marekani ana shaka moja kubwa kuhusu vijana wetu, nayo ni umri. Tuikubali, kwa kuwa udanganyifu wa umri upo na umewaumiza vijana waadilifu. Klipu isiyo na tarehe wala mashindano haiondoi shaka hiyo. Video ya mechi nzima kutoka mashindano rasmi yenye ukomo wa umri, pamoja na orodha ya wachezaji waliokaguliwa vyeti, ina uzito wa aina nyingine kabisa. Hili familia haiwezi kulifanya peke yake hata ikiwa na kamera bora. Linaweza kufanywa na mwandaaji tu.

Mzazi ajue pia mipaka ya kile video inachoweza kufungua. Kwa soka la kulipwa, Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji inakataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayekuja na sifa nyingi kuhusu video ya mtoto wa miaka 15 na kuahidi kumpeleka klabu ya Ulaya mwezi ujao anaahidi kitu ambacho kanuni zinakizuia. Wakala mwenye leseni, chini ya kanuni za FIFA za 2023, haruhusiwi kumfuata mtoto ila ndani ya miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na lazima awe na ridhaa ya mlezi kwa maandishi. Anayeomba fedha za "majaribio" kwa simu, akiwa ameipata namba kwenye video, asipewe hata shilingi. Kwa vyuo vya Marekani nako kuna ukaguzi: NCAA hutazama vyeti vya sekondari, iwe KCSE ya Kenya au CSEE ya Tanzania, na hutazama pia muda uliopita tangu kijana amalize shule na mashindano aliyocheza katika muda huo. Wapo wanaokaa mtaani miaka mitatu wakicheza ligi na kuboresha video, huku nafasi yao ya kucheza chuoni ikiyeyuka.

Kuna pia suala la usalama. Tumezoea kuweka kila kitu hadharani: jina kamili, shule, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mama, na sura ya mtoto kwa dakika nne. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumika. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Katika video ya mechi nzima wamo watoto 22 na zaidi, na wengine wazazi wao hawajaulizwa. Huu ndio upinzani wenye nguvu zaidi dhidi ya pendekezo langu, nami siupuuzi. Jibu lake ni utaratibu: fomu moja ya ridhaa mwanzo wa mwaka, pamoja na ile ya matibabu ambayo shule tayari huidai, video ikae kwenye hifadhi iliyofungwa na itolewe kwa kiungo kwa kocha anayejitambulisha, namba ya simu iwe ya mwalimu wa michezo au ofisi ya shule, isiwe ya mtoto. Binti ambaye nyumbani kwao hawataki aonekane akiwa na nguo za michezo mtandaoni ana haki ya kulindwa, na hifadhi iliyofungwa inamlinda kuliko simu za watazamaji 200 ambazo hakuna anayezidhibiti.

Upinzani mwingine hutoka kwa makocha wenyewe. Wanaogopa kwamba mpinzani akipata mechi zao atawasoma. Atawasoma, naam, nao watamsoma yeye, na wachezaji wa pande zote watakuwa bora. Wale makocha wa futiboli wa Marekani waliokuwa wakipeana kaseti Jumamosi walikuwa na ushindani mkali kuliko wetu, na kazi zao zilitegemea matokeo.

Kwa vituo vya soka vya vijana kuna sababu ya kifedha pia. Mchezaji anapouzwa kimataifa kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ndogo iliyosajiliwa, yenye mchezaji mmoja tu atakayeonekana kwa sababu mechi zake zilihifadhiwa, inaweza kurudishiwa gharama za kamera mara nyingi. Shule hazipati mgawo huo kama si klabu zilizosajiliwa, na kwa sababu hiyo gharama za shule zinapaswa kubebwa na wanaoandaa mashindano: wizara, vyama vya michezo vya shule, na wadhamini ambao tayari hulipia mabango na fulana.

FEASSSA kwa kawaida hukutana Agosti, timu za nchi kadhaa zikiwa mji mmoja. Mahali pa kuanzia ni hapo: kamera moja kwenye kila uwanja, kwenye kila mchezo wa mpira, wasichana na wavulana, kuanzia mechi ya kwanza ya makundi badala ya fainali peke yake. Timu nyingi hutolewa kwenye makundi na kupanda basi kurudi nyumbani, na golikipa aliyefungwa mabao manne huku akiokoa tisa huwa yumo ndani ya mojawapo ya mabasi hayo.